MZAZI NA MTOTO: Risasi isiyolia

Mwezi huu ukurasa wetu unachukua swali moja tu, kwa sababu swali lenyewe ni zito na walioliuliza ni zaidi ya mmoja. Wa kwanza ni mama ambaye mdogo wake alihamia Marekani na watoto watatu mwaka 2024. Ameandika hivi, mimi nimenyoosha maneno kidogo tu:

"Mwalimu, mdogo wangu alipiga simu akilia. Wamepima damu ya mtoto wake wa miaka miwili wakasema ina risasi. Sisi tulikimbia risasi, lakini huyu mtoto alizaliwa huku kambini, hajapigwa risasi hata siku moja. Sasa ameambiwa watu wa afya watakuja kukagua nyumba. Anaogopa watamnyang'anya mtoto. Ni ugonjwa gani huu? Na sisi tuliobaki huku tunao?"

Mama, asante kwa kuuliza. Nimekwenda kuuliza kwa wauguzi, nimesoma, na haya ndiyo niliyopata.

Kwanza jina. Sisi tukisikia risasi akili inakimbilia bunduki. Lakini risasi ni jina la madini, na ile ya bunduki imepewa jina hilo kwa sababu inatengenezwa kwa madini hayo. Waliosoma Kifaransa wanayajua kwa jina la plomb. Wavuvi wa Uvira na Baraka wameyashika mikononi miaka mingi: vile vizito vya kijivu vinavyofungwa kwenye wavu ili uzame, ndiyo yenyewe. Ni laini, ni mazito, yanayeyuka upesi kwenye moto wa mkaa wa kawaida. Kwa hiyo watu wanayapenda, maana hayahitaji kiwanda.

Ubaya wake ni kwamba mwili wa binadamu hauna kazi nayo hata kidogo. Chuma mwili unakihitaji, chumvi unaihitaji, risasi hapana. Ikiingia, kwa kula au kwa kuvuta vumbi na moshi, inakwenda kwenye damu, halafu kwenye ubongo, figo na mifupa. Kwenye mifupa inajificha miaka mingi. Mama akibeba mimba, ile iliyolala kwenye mifupa yake inaweza kutoka tena na kumfikia mtoto tumboni. Na mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi: akimeza kiasi kile kile alichomeza mtu mzima, mwili wake unaweza kuchukua mara nne hadi tano zaidi. Tena mtoto ndiye anayetambaa chini na kutia kila kitu kinywani.

Sasa yule mtoto wa Marekani. Mama, mwambie mdogo wako apumue. Kipimo kile siyo mtego na siyo adhabu. Huko watoto wote wa wakimbizi, kuanzia miezi sita hadi miaka 16, wanashauriwa kupimwa risasi ndani ya siku 90 baada ya kufika. Wadogo wa miaka sita kurudi chini wanapimwa tena baada ya miezi mitatu hadi sita, hata kama kipimo cha kwanza kilikuwa kizuri. Wanachukua tone kwenye kidole. Likionyesha kitu, wanachukua damu ya mshipa ili wahakikishe, maana kidole kikiwa na vumbi kinaweza kudanganya. Na wale wanaokuja nyumbani wanatafuta risasi inatoka wapi: wanapima rangi ya ukuta na madirisha, wanaangalia sufuria, dawa za kienyeji, vipodozi. Awafungulie mlango. Awaonyeshe hata vile alivyobeba kutoka huku, asivifiche chini ya kitanda kwa kuogopa.

Wengine watauliza: kwa nini wapime mara ya pili? Hapa kuna habari ya kusikitisha ambayo kila familia inayosubiri safari inafaa kuijua. Mwaka 2000, katika jimbo la New Hampshire, mtoto wa kike wa miaka miwili, mkimbizi wa Sudan ambaye familia yake ilitokea Misri, alikufa kwa sumu ya risasi wiki chache tu baada ya kufika Marekani. Nyumba waliyopangishiwa ilikuwa ya zamani na rangi yake ilikuwa na risasi. Huko rangi ya namna hiyo ilipigwa marufuku kwa nyumba za kuishi mwaka 1978, lakini nyumba zilizojengwa kabla ya hapo bado zipo, na wageni wasio na pesa ndio wanaopangishiwa hizo. Rangi kuukuu inabanduka kama maganda, na risasi ina ladha ya utamu. Mtoto akiokota ganda moja akaona tamu, ataokota la pili. Baadaye, mwaka 2004, katika jimbo hilo hilo, watoto wengine wa wakimbizi kutoka Afrika walikutwa risasi imepanda kwenye damu baada ya kufika, siyo kabla. Ndiyo maana wanarudia.

Kwa hiyo huenda mtoto wa mdogo wako aliipata huko, huenda aliipata huku, huenda kote kuwili. Asikubali mtu amwambie kwamba ni uchafu wake yeye mama.

Kuhusu namba iliyo kwenye karatasi. Wanapima kwa mikrogramu katika desilita moja ya damu. Marekani, tangu 2021, mtoto akifika 3.5 anafuatiliwa. Shirika la Afya Duniani linasema ikifika 5 lazima chanzo kitafutwe na kiondolewe. Hakuna kiasi ambacho wataalamu wamekithibitisha kuwa salama, hizo namba ni za kujua nani ashughulikiwe kwanza. Ikifika 45 hivi ndipo mtoto anapewa dawa maalumu ya kuitoa, na hiyo ni ya hospitali. Akitokea mtu sokoni anauza dawa ya "kusafisha damu" achaneni naye, pesa hiyo nunueni maharagi. Chini ya hapo dawa yenyewe ni kumtenga mtoto na chanzo, kumlisha vizuri na kurudia kupima.

Na kwa wale ambao kesi zao bado ziko njiani: kuwa na risasi kwenye damu siyo ugonjwa unaomzuia mtu kuingia Marekani. Najua tangu Januari 2025 safari za huko zilisimamishwa na wengi mmebaki na mabegi yaliyofungwa. Lakini nimesikia watu wakisema eti bora kuficha afya ya mtoto kusudi faili isichafuke. Kwa jambo hili kuficha hakukupi kitu, kunamnyima mtoto msaada.

Sasa turudi kwetu, maana swali la mwisho la mama ndilo lililoninyima usingizi. Sisi je?

Mwaka 2020 UNICEF pamoja na shirika la Pure Earth walitoa hesabu kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watatu duniani, yaani kama milioni 800, wana risasi ya 5 au zaidi kwenye damu, na wengi wako katika nchi za kipato kidogo. Petroli yenye risasi, iliyokuwa chanzo kikubwa, imekwisha. Nchi zetu nyingi ziliiacha kufikia mwaka 2006, na Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021. Kilichobaki ni vitu vya mikononi mwetu.

Cha kwanza ni batri ya gari. Tembea sokoni uhesabu: kinyozi ana batri, wa kuchaji simu ana batri, wa sinema ana batri, na nyumba yenye sola ina batri chini ya kitanda. Batri ikiwa nzima haina neno. Lakini zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na ikifa ndipo matatizo yanaanza. Kijana anaipasua, anamwaga asidi nyuma ya nyumba, anayeyusha zile sahani za ndani kwenye sufuria kuukuu ili atengeneze vizito vya wavu au auze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Moshi wake unaingia kwa jirani. Vumbi linabaki pale chini miaka na miaka, haliozi, halipotei na mvua. Kesho watoto wanacheza mpira pale pale.

Msidhani natia chumvi. Thiaroye-sur-Mer ni mtaa wa pembeni mwa Dakar, Senegal. Watu pale waliyeyusha batri kwa miaka mingi na mchanga wote ukajaa risasi. Halafu bei ya risasi ikapanda duniani, wanunuzi wakaanza kutafuta hata mchanga wenyewe. Akina mama wakachimba, wakachekecha, wakajaza magunia, wakayaweka ndani ya nyumba wanamolala, watoto wakiwa mgongoni au wanacheza pembeni. Ilikuwa riziki, nani angekataa? Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Walipowapima ndugu na mama za waliokufa, wakawakuta nao wana risasi nyingi mno. Hakuna mama hata mmoja aliyetaka hayo. Walikuwa wanatafuta pesa ya unga kama sisi.

Mwaka 2010 ikawa Zamfara, kaskazini mwa Nigeria. Huko ilikuwa dhahabu. Wenzetu waliotoka Misisi na machimbo mengine ya Fizi wanajua kazi ya kuponda mawe na kuyasaga. Mawe ya Zamfara yalikuwa na risasi nyingi ndani yake, watu wakayasagia nyumbani, hata kwa mashine zilezile za unga. Watoto zaidi ya 400 walikufa.

Basi ombi langu kwa vijana wetu wa batri, na baadhi yenu mlikuwa wanafunzi wangu: msipasue batri hapa tunapolala. Iuze ikiwa nzima na maji yake ndani. Ndiyo, najua mnunuzi analipa kidogo. Anayefanya kazi hiyo abadilishe nguo na kunawa kabla ya kumbeba mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Baba anaweza kuileta risasi nyumbani kwenye shati bila kujua.

Cha pili ni sufuria, na hapa naomba akina mama wasinichukie. Zile sufuria nzito zinazosubuliwa kwa vyuma chakavu, vipande vya injini, makopo na waya, hakuna anayejua ndani mna nini. Sufuria za namna hiyo zimepimwa Cameroon na nchi nyingine, na baadhi zilikutwa zinatoa risasi kwenye chakula. Huko Seattle, Marekani, mwaka 2022 walitoa ripoti kuhusu sufuria za alumini walizokuja nazo wakimbizi wa Afghanistan: zilikuwa zikitoa risasi pia. Sisemi mtupe sufuria, mtapikia nini? Lakini chakula chenye uchachu, kama nyanya nyingi, ndimu au ukwaju, kinavuta madini zaidi, kwa hiyo kama una sufuria moja ya chuma kisichoshika kutu, hiyo ndiyo iwe ya mchuzi, na ile ya kusubu iwe ya kuchemshia maji ya kuoga. Usilaze chakula ndani yake mpaka asubuhi. Na hii tabia ya kuisugua kwa mchanga mpaka ing'ae kama kioo cha harusi, tuiache. Unaikwangua.

Nikitaja maji: kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi risasi. Endeleeni kuchemsha kwa ajili ya vijidudu.

Cha tatu ni rangi. Malawi hapa, rangi za mafuta zilipopimwa miaka michache iliyopita, nyingi zilikutwa na risasi, na mamlaka ya viwango ilianza kufuatilia watengenezaji. Zile zenye kung'aa sana, njano na nyekundu hasa, ndizo za kushuku. Mlango wa zamani unaobanduka usiukwangue ukiwa mkavu, lowesha kwanza, watoto wawe mbali, na mbao zenye rangi msipikie kabisa, kwa sababu moshi na majivu yake vinaingia mlemle ndani ya chakula. Kuna watu hapa wanapika maharagi kwa vipande vya viti vya shule vilivyovunjika. Wanajijua.

Halafu udongo wa kula. Dada zangu wenye mimba, nawaona pale sokoni mkinunua pemba kwa siri kama mnanunua chang'aa. Mate yanajaa, najua, mama yangu pia alikuwa nayo. Udongo mwingine hauna neno kubwa, lakini mwingine ukipimwa una risasi, na kwa macho hautofautishi. Mara nyingi ile hamu inakuja na upungufu wa damu. Mwambie muuguzi kwenye kliniki ya mimba, apime damu yako na akupe vidonge vya kuongeza damu, havilipiwi. Wanja wa unga nao, hasa ule mweusi wa kung'aa unaoletwa kutoka mbali, mwingine ni risasi tupu iliyosagwa. Usimpake mtoto mchanga machoni, hata kama bibi amesema unazuia jicho baya.

Dalili sasa. Hapa ndipo pagumu, kwa sababu mara nyingi hakuna. Mtoto anacheza, anakula, anakua, kumbe ubongo unaibiwa kidogo kidogo. Wengine wanaumwa tumbo, wanakosa choo, wanapungukiwa damu, wanakuwa na hasira bila sababu. Ikizidi sana ndipo yanakuja degedege na kuzimia. Na degedege kwetu huwa tuna majibu mawili tayari: malaria au mashetani. Mombasa, Kenya, mama mmoja anayeitwa Phyllis Omido alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha batri, mtaa wa Owino Uhuru. Mwanawe aliugua, kwanza wakafikiri ni malaria, wakafikiri ni taifodi. Mwisho damu ikapimwa risasi, ikawa ndiyo. Alipigana miaka mingi pamoja na majirani. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaamua kwamba watu wa mtaa ule walipwe fidia. Degedege ni dharura, kimbieni kituo cha afya kwanza, vipimo vya malaria vifanyike. Lakini kama nyumbani au kwa jirani wanayeyusha batri, mwambieni daktari hilo neno. Yeye haoni uani kwenu.

Mimi kama mwalimu naongeza hili. Risasi inapunguza uwezo wa mtoto wa kusikiliza, kukumbuka na kutulia. Sisemi kila mtoto asiyetulia ana risasi. Wengine wana njaa, wengine hawakulala, wengine wameona mambo ambayo mtoto hapaswi kuyaona. Lakini ndiyo sababu siwapendi wazazi wanaosimama mlangoni mwa darasa wakisema, "huyu ni mjinga tangu kuzaliwa, mchapeni tu." Fimbo haijawahi kutoa kitu kwenye damu.

Kipimo chenyewe siyo kitu cha kila kituo cha afya katika nchi zetu, tuseme ukweli. Muuguzi akikwambia hakipo, usimgombeze. Kinachowezekana hata bila kipimo ni kuondoa chanzo na kulinda tumbo. Tumbo tupu linanyonya risasi zaidi, na mwili usio na madini ya chuma na chokaa wa kutosha unaipokea risasi kana kwamba ni hayo. Kwa hiyo mtoto asitoke asubuhi bila kitu, hata uji mwepesi. Ndagala, au usipa kama wanavyoita hapa, mlisheni pamoja na mifupa yake, mmtwangie kama ni mdogo: hiyo ni chokaa. Maharagi, lengalenga na sombe vina madini ya chuma, na kipande cha embe au chungwa baada ya kula kinausaidia mwili kuyachukua. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mikono inawe kabla ya kula, viatu vibaki mlangoni, na ndani pafutwe kwa kitambaa cha maji badala ya kufagia vumbi likaruka hadi kwenye chakula.

Mama uliyeuliza, namba ya mtoto hukuiandika kwenye barua. Ikiwa mdogo wako atakutumia, njoo nayo shuleni siku ya Alhamisi baada ya vipindi, tuisome pamoja, au umwambie yeye adai mkalimani hospitalini. Mkalimani ni haki yake na halipii.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya surua na kadi za chanjo zilizopotea njiani. Mwenye swali aliandike na kulitumbukiza kwenye kisanduku cha mbao mlangoni mwa darasa la tatu. Asiyejua kuandika amtume mtoto, nitaandika mimi.

Mwalimu wenu wa kujitolea